Sajini Leakey na wale askari wawili wasio na majina

Leo tuongee kidogo historia, ile vita ya 1941 kule Ethiopia. Wengi wetu hatukuisoma shuleni, lakini babu zetu walikuwemo.

Mwaka huo Waingereza na Wabelgiji walikuwa wanawafukuza Waitaliano Ethiopia. Kongo ilitoa askari wa Force Publique. Kenya, Uganda na Tanganyika zilitoa askari wa King's African Rifles, yaani KAR, jeshi ambalo lugha yake kubwa ilikuwa Kiswahili hiki hiki chetu.

Katika KAR alikuwemo kijana Mzungu, Nigel Leakey, aliyezaliwa Kiganjo, Kenya, mwaka 1913. Alikuwa sajini katika batalioni ya askari wa Tanganyika. Tarehe 19 Mei 1941, huko Colito, kikosi chake kilikuwa kimevuka mto Billate. Mara vifaru vya Waitaliano vikatokea. Leakey alikuwa kwenye mzinga mdogo na makombora yalikuwa yamekwisha. Basi akarukia kifaru kimoja, akafungua mfuniko wa juu, akawapiga risasi waliokuwemo isipokuwa dereva, akamlazimisha akiendeshe mpaka penye usalama. Halafu akashuka kufuata vifaru vingine kwa miguu. Akafanikiwa kupanda kingine na kukifungua, ndipo kifaru cha nyuma kikampiga risasi akaanguka. Alikuwa na miaka 28.

Novemba 1945 alipewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya Uingereza kwa ushujaa vitani. Jina lake limechongwa kwenye mnara wa makaburi ya vita, Nairobi. Alistahili, sibishi.

Ila maelezo ya nishani yanasema hakuvifuata vile vifaru peke yake. Alikwenda na sajinimeja na askari wawili. Wawili tu, basi, majina hakuna. Na wao walitembea kwa miguu kukifuata chuma kinachotema risasi.

Kwa Wakongo ni hivyo hivyo. Julai 1941, huko Saio, Jenerali Gazzera wa Italia alijisalimisha kwa Jenerali Gilliaert, Mbelgiji. Vitabu vinawataja hao wawili, wakati waliopigana na kubeba mizigo walikuwa Wakongo kwa wingi.

Na Vita ya Kwanza ilikuwa mbaya zaidi. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikubali kwamba watu wasiopungua 116,000 wa vita ile, wengi wao Waafrika na wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Sisi wakimbizi tunajua maana ya kukosa jina kwenye orodha: hupati chakula, hupati karatasi, ni kama haupo. Kwa hiyo nawaomba kitu kimoja. Wiki hii muulize mzee mmoja wa kwenu: nani wa ukoo wetu alikwenda vitani, au alibeba mizigo ya vita? Andika jina lake lote na kijiji alichotoka. Na nyie mnaofanya kazi na mashirika, mkimsajili mzee, mpeni dakika tano za kusimulia.