Reli ya Kinyangiri na Anguko la Bei

Katika miaka ya mwanzo ya 1930 Serikali ya Tanganyika ilijenga reli ndogo iliyotoka Manyoni, katika Reli ya Kati, ikapita Singida mpaka Kinyangiri, nchi ya Iramba. Ilitumainiwa kuwa garimoshi lifikapo, shehena haikosi kufuata. Lakini reli ile ilizaliwa siku mbaya. Soko la hisa la New York lilikuwa limeanguka Oktoba 1929, na bei ya mkonge, tegemeo la hazina ya Tanganyika, ilishuka chini ya nusu. Mwaka 1932 Sir Sydney Armitage-Smith alitumwa kuchunguza fedha za nchi, akashauri matumizi yabanwe. Gavana Stewart Symes naye aliwahimiza wenyeji walime zaidi.

Shauri hilo la kulima na tulipime kwa macho ya mkulima. Kodi ilitajwa kwa shilingi. Bei ishukapo kwa nusu, mwenye kulipa kodi ile ile hana budi kuuza mara mbili; na wote wauzapo pamoja, bei huzidi kushuka. Kwa Mnyaturu, ambaye ng'ombe kwake ni akiba, ni mahari, na ni mbolea ya shamba la uwele, kuuza wawili badala ya mmoja si hesabu ya karatasini.

Shehena haikutosha. Kabla ya mwaka 1950 reli ilikwisha kung'olewa, na Singida ikangoja mpaka baada ya Uhuru kuipata tena.

Msukosuko wa pili uliingia kwa mlango wa neema. Baridi kali ya Julai 1975 iliiharibu mibuni ya Brazil, bei ya kahawa ikapanda, na Tanzania ikapata fedha za kigeni kwa wingi. Vizuizi vya kuagiza bidhaa vikalegezwa. Kufika mwisho wa 1978 akiba ilikuwa karibu kwisha. Ndipo zikafuatana vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1979. Singida hailimi kahawa, wala haikuonja sana utamu wa bei ile. Lakini sabuni na mafuta ya taa vilipoadimika, viliadimika hata huko. Mwaka 1986, nchi ilipopatana na Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi ilishushwa thamani kwa wote sawasawa.

Leo mkoa huu wajulikana kwa alizeti, na bei yake hutegemea sana ushuru utozwao mafuta ya mawese kutoka ng'ambo. Apangaye ushuru huo yuko mbali na Kinyangiri, kama alivyokuwa mbali aliyeipanga reli.