MANAMBA NA JEMBE LA MKE WAKE (Sehemu ya 4)

Ndugu zangu, tuendelee. Jana tuliona Karl Marx, kwenye Das Kapital ya 1867, anavyosema mshahara unatakiwa utoshe nini: kumlisha mfanyakazi, kumvika, na kulea watoto watakaokuja kushika nafasi yake. Leo tuipime hesabu hiyo kwenye mkonge wa Tanganyika.

Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Baadaye, chini ya Waingereza, mashamba ya Tanga na Morogoro yalitaka watu wengi, wakachukuliwa kutoka mbali: Kigoma, Songea, Njombe, hata Burundi. Ndio hao manamba, maana kila mtu alikuwa na namba yake. Alipewa kipande cha siku 30. Hajazitimiza, mshahara hapati.

Sasa angalia ujanja ulipo. Mshahara ule ulipangwa kama wa mwanamume asiye na familia. Mke je? Watoto je? Eti hao wana shamba kijijini! Yaani mama aliyebaki Kigoma na jembe ndiye aliyelisha watoto na kuuguza wazee, na mume akirudi mgonjwa, ni yeye aliyempokea. Tajiri wa mkonge alikula jasho la watu wawili, akamlipa mmoja, tena kidogo.

Kwa hiyo Marx alikosea? Mimi nasema hesabu yake ilitoka kwenye viwanda vya Uingereza, ambako mfanyakazi alishapoteza ardhi, hana pa kurudi. Huku kwetu shamba lilibaki, na ndilo lililomwezesha mwajiri kulipa kidogo. Profesa Issa Shivji aliwaita wafanyakazi wa aina hii nusu-proletari: mguu mmoja kwenye ajira, mwingine shambani. Mimi naongeza: ule mguu wa shambani mara nyingi ulikuwa wa mwanamke.

Uhuru ukaja 1961, mashamba mengi ya mkonge yakataifishwa 1967, ila kazi ya yule mama haikuingia kwenye orodha ya mishahara. Mpaka leo nikijaza faili wodini nauliza, "Mama, unafanya kazi gani?" Wengi wananijibu, "Sina kazi, nalima tu." Jamani, kulima si kazi?

Kesho, sehemu ya 5: mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam, 1947. Kama babu yako aliwahi kwenda manamba, tuambie hapo chini: nyumbani alibaki nani akilima?