Sindano ilipata jina, moto ukasahauliwa

Taja tiba ya Kichina mbele ya watu hapa mjini, wa kwanza atakwambia: "Aa, zile sindano!" Hakuna atakayetaja moto. Lakini Wachina wenyewe huiita zhenjiu, neno lenye vipande viwili: zhen ni sindano, jiu ni kuunguza. Kiswahili chetu kingeweza kuvibeba vyote kwa kitenzi kimoja, maana kwetu mtu huchomwa sindano na huchomwa moto. Sasa huu moto ulipotelea wapi?

Twende taratibu. Kuna mmea wa jamii ya pakanga ambao Wachina huuita ai. Majani yake hukaushwa, hutwangwa na kuchekechwa mpaka yabaki manyoya laini kama pamba. Manyoya hayo hufinyangwa vibonge vidogo vinavyowashwa juu ya ngozi, au husokotwa kama sigara na kusogezwa karibu na mwili bila kuugusa. Hayatoi ndimi za moto; yanafukuta tu.

Tiba hii ni ya kale kwelikweli. Mwaka 1973 huko Mawangdui, Changsha, lilifukuliwa kaburi lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo. Ndani mlikutwa maandishi ya tiba yanayoeleza njia 11 za mwilini na jinsi ya kuzitibu kwa moto. Sindano hazitajwi. Ndiyo maana wapo wanahistoria wanaoamini kwamba moto ulitangulia.

Ulaya ilipata habari kupitia Batavia, Jakarta ya leo. Mchungaji wa Kiholanzi, Hermann Buschoff, alikuwa akiteswa na jongo la miguu. Mganga mmoja mwanamke wa Kiasia akamchoma kwa vibonge hivyo, naye akapata nafuu. Kitabu chake kilichapishwa Amsterdam mwaka 1675, na mwaka uliofuata kikatoka kwa Kiingereza, London. Kwa kitabu hicho neno "moxa", kutoka mogusa la Kijapani, likaingia Ulaya. Mwaka 1683 daktari Willem ten Rhijne, aliyekuwa amefanya kazi Japani, akaipa sindano jina la Kilatini: acupunctura. Jina hilo ndilo lililozunguka dunia.

Moto haukuzimika, lakini. Mwaka 1998 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha utafiti wa wajawazito 260 wa Jiangxi ambao watoto wao walikuwa wametanguliza makalio. Nusu yao walisogezewa moto huo kwenye kidole kidogo cha mguu. Kufikia wiki ya 35, watoto 98 kati ya 130 walikuwa wamegeuka. Kwa wasiochomwa ni 62 kati ya 130. Mjadala wa wataalamu uliendelea, na ngozi kuungua ni hatari ya kweli, kwa hiyo usijaribu nyumbani.

Kinachonisumbua mimi ni yule mama wa Batavia. Jina la mgonjwa tunalo, la mchapaji tunalo, la mganga hatuna. Aliyeshika kalamu ndiye aliyebaki.

Na sisi je? Bibi zetu wanaojua jani lipi la homa na lipi la tumbo, nani anaandika majina yao? Tukikaa kimya, ataandika mgeni aliyepona.

Unasemaje, msomaji?