Paris, mwezi wa nane 2003: wazee waliokufa kwa joto chini ya paa la zinki

Mtu akitaja Ulaya, wengi huwaza baridi na koti zito. Kwa hiyo watu wengi wa Uvira, Baraka na Kalemie hawajui kwamba joto liliwahi kuua watu karibu 15 000 nchini Ufaransa, kwa muda usiofika majuma matatu. Ilikuwa kati ya tarehe 1 na tarehe 20 ya mwezi wa nane, mwaka 2003. Maelfu yao hawakufia barabarani wala kazini. Walifia ndani ya nyumba zao. Ndiyo sababu habari hii inawahusu pia jamaa zinazolala chini ya manjanja, na wahami walio chini ya plastiki.

Mji wa Paris umejaa majengo ya karne ya 19, ya ghorofa sita ao saba, yenye paa la zinki. Zinki na manjanja ni ndugu: jua likipiga, chuma kinashika moto, na moto huo unashuka ndani. Chini kabisa ya paa kulijengwa vyumba vidogo kwa ajili ya wafanyakazi wa nyumbani wa matajiri. Miaka ilipopita, vyumba hivyo vikabaki kwa wanafunzi, kwa wageni wenye kipato kidogo, na kwa wazee wasio na uwezo wa kulipa nyumba nzuri zaidi.

Tangu tarehe 4 hadi tarehe 12, Paris ilipita digrii 35 kila siku, siku tisa mfululizo. Tarehe 12 ilifika digrii 39 na nusu. Mtu aliyezaliwa kando ya ziwa Tanganyika anaweza kusema kwamba joto la mchana ni jambo la kuzoea. Lakini kilichoua zaidi ni usiku. Kulikuwa na usiku ambao joto halikushuka chini ya digrii 25, na hiyo ni nje. Ndani ya vyumba vya juu ukuta na paa viliendelea kurudisha moto wa mchana. Mwili wa binadamu hujipoza kwa jasho, na moyo ndio unaosukuma damu kuelekea kwenye ngozi ili joto litoke. Usiku moyo unapaswa kupumzika. Usipopumzika siku tatu, nne, tano, moyo wa mzee unachoka. Tena mzee hasikii kiu kama kijana: maji yanamuishia mwilini bila yeye kuomba kikombe.

Mwezi wa nane ni wakati wa likizo huko. Watoto na wajukuu walikuwa baharini, waganga wengi pia, hata mawaziri. Tarehe 10, daktari Patrick Pelloux, aliyeongoza chama cha waganga wa huduma za dharura, alisema kwenye televisheni kwamba watu wanakufa kwa joto. Kesho yake waziri wa afya, Jean-François Mattei, akajibu kupitia televisheni kutoka nyumba yake ya likizo, akiwatuliza wananchi. Tarehe 13 ndipo hospitali za eneo la Paris zilipowekwa katika hali ya dharura. Tarehe 18 mkurugenzi mkuu wa afya, Lucien Abenhaim, akajiuzulu. Wakati huo vyumba vya maiti vilikuwa vimejaa, na miili ikapelekwa katika ghala la baridi huko Rungis, penye soko kubwa la chakula.

Tarehe 3 mwezi wa tisa, watu 57 ambao hakuna ndugu aliyekuja kuwadai walizikwa katika makaburi ya Thiais. Rais Jacques Chirac alihudhuria mazishi hayo. Huku Kongo mtu angeuliza mara moja: hawa hawakuwa na majirani?

Wachunguzi waliuliza jambo lile lile kwa njia yao. Waliwalinganisha wazee waliokufa na wazee wa mitaa ile ile waliopona. Chumba kilicho chini ya paa kiliongeza hatari, na vilevile nyumba ya zamani isiyo na kizuizi cha joto. Asiyeweza kutoka kitandani mwenyewe alikuwa katika hatari kubwa sana. Waliopona walikuwa wamevaa nguo nyepesi, walijilowesha maji, na walitoka kwenda pahali penye ubaridi. Mambo madogo kabisa, yasiyohitaji umeme.

Mwaka uliofuata serikali ilitengeneza mpango wa joto. Kila meya alitakiwa kuwa na daftari la wazee na walemavu wanaoishi peke yao, ili joto likipanda watu hao waulizwe hali yao. Joto kali lilirudi mwezi wa saba mwaka 2006. Safari hii walikufa watu karibu 2 000, wakati wataalamu walikadiria kwamba, kwa joto lile, wangekufa zaidi ya 6 000.

Si kila kitu cha Paris kinafaa kuigwa. Wao wanafunga madirisha mchana na kuyafungua usiku, na kwa nyumba ya matofali ni sawa. Hema la plastiki likifungwa mchana linageuka chungu. Hilo linahitaji kivuli juu yake, majani ao matete juu ya miti, pakiachwa nafasi ya hewa kati ya majani na plastiki, na milango kufunguliwa pande mbili. Maji yakae kwenye mtungi, kivulini, karibu na mkono wa mzee. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka huku ngozi inawaka, amwagiwe maji, apepewe, apelekwe kituo cha afya. Akiwa amezimia asinyweshwe kitu.

Linabaki lile la jirani. Zamani mzee kijijini hakukaa peke yake. Vita vimevunja hilo: vijana wa kambini wanatoka asubuhi kulimia watu wengine, mama anapanga foleni ya maji, na nyanya anabaki ndani ya plastiki hadi jioni. Kambi nyingi zina orodha ya majina ya jamaa kwa ajili ya kugawa chakula. Kwenye orodha hiyo hiyo inawezekana kutia alama mbele ya mzee anayeshinda peke yake, na kuandika kando jina la yule atakayepita kwake saa sita ya mchana, na tena usiku.