Kutoka mnyororo wa kupimia hadi thamani ya nyumba: safari ya Chuo Kikuu Ardhi

Siku ya uthamini haifichiki mtaani. Asubuhi hufika vijana wenye tepe, kalamu na makabrasha ya fomu, wakiongozwa na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mmoja anapima ukuta, mwingine anahesabu miembe na minazi nyuma ya nyumba. Choo cha nje kinaandikwa, kisima kinaandikwa, banda la kuku halisahauliki. Mwisho mwenye mali anasimama mbele ya mlango wake, ameshika kibao chenye namba, anapigwa picha. Barabara itapita hapo, na picha hiyo ndiyo itakayomfuata hadi kwenye dirisha la malipo.

Kiasi cha fidia atakachoandikiwa mwenye mali huyo kinaweza kumpatia nyumba nyingine, au kikamrudisha kwenye chumba cha kupanga. Kwa hiyo swali la nani aliyemfundisha mthamini ni swali zito. Kwa wathamini wengi wa Tanzania, jibu linapatikana kwenye kilima kimoja jijini Dar es Salaam, ubavuni mwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, jirani na eneo ambalo wenyeji na makonda wa daladala hadi leo huliita Survey. Hapo ndipo kilipo Chuo Kikuu Ardhi.

Historia yake ni fupi kwa miaka, lakini imejaa mabadiliko. Taasisi hii imebadilika jina na hadhi mara tatu, na nyuma ya kila badiliko kuna nchi iliyokuwa ikijiuliza upya: ardhi ni ya nani, na ina thamani gani?

Chuo kilianza mwaka 1956 kikiwa shule ya mafunzo ya upimaji ardhi, mahali ambapo sasa ipo kambi ya Jeshi la Wokovu, Mgulani. Ilikuwa shule ya mafundi. Vijana walijifunza kuvuta mnyororo wa kupimia, kusoma pembe, kusimika alama za mipaka na kuchora ramani. Bei ya kiwanja haikuwa kazi yao. Kwa sheria ya mwaka 1923, ardhi yote ya Tanganyika ilikuwa chini ya mamlaka ya gavana wa Kiingereza. Kabla yake, amri ya Wajerumani ya mwaka 1895 ilikuwa imeitangaza ardhi waliyodai haina mwenyewe kuwa mali ya dola yao. Serikali ya kikoloni ilihitaji mipaka iliyonyooka, na shule ikatoa watu wa kuinyoosha.

Mwaka 1958 shule ilihamia kilimani ilipo sasa. Mwaka huohuo Julius Nyerere aliandika kijitabu *Mali ya Taifa*, akipinga mpango wa serikali ya kikoloni wa kuruhusu watu kumiliki ardhi moja kwa moja na milele. Hoja yake haikubaki kwenye karatasi. Mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya Uhuru, umiliki wa aina hiyo ulifutwa na wenye nao wakageuzwa kuwa wapangaji wa serikali kwa muda maalumu.

Kisha ukaja Aprili 1971. Serikali ilitangaza kutaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo wenyewe hawakuwa wakiishi ndani yake. Yakawekwa mikononi mwa Msajili wa Majumba, ofisi ambayo mwaka 1990 iliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Jengo lililozidi umri wa miaka 10 halikulipiwa fidia. Familia zikahama, wapangaji wapya wakaingia, na namba moja, ile 100,000, ikawa ndiyo mpaka kati ya aliyebaki na nyumba yake na aliyeipoteza.

Thamani ya jengo ilikuwa imeamua hatima ya watu wengi kwa mpigo mmoja. Mwaka uliofuata, 1972, shule ya kilimani ikapandishwa kuwa Chuo cha Ardhi, ikaanza kutoa stashahada. Upimaji ulibaki, lakini ulipata ndugu wawili: mipango ya miji na vijiji, na usimamizi wa ardhi pamoja na uthamini. Kabla ya hapo mtu aliyetaka kubobea katika uthamini alilazimika kutazama nje ya mipaka. Mwaka 1977 Bunge lilitunga sheria ya kuwasajili wataalamu wa upimaji na uthamini, na taaluma ikapata mlango wa kuingilia na kanuni za kazi.

Chuo hakikujifungia darasani. Mwaka 1979, kwa ushirikiano wa serikali za Tanzania na Uholanzi, kilianzishwa kituo cha mafunzo ya nyumba kilimani hapo. Kazi yake ilikuwa kozi fupi kwa watu ambao tayari wako kazini, Watanzania na wenzao wa nchi nyingine za Afrika Mashariki na Kusini. Ofisa wa halmashauri aliyekuwa akipambana na ujenzi holela kwenye kata yake aliweza kuja, kukaa na wenzake wenye tatizo lilelile, kisha kurudi kazini na mbinu mpya. Kituo hicho ndicho chimbuko la taasisi ya masuala ya makazi iliyopo chuoni leo.

Mfano mzuri wa elimu iliyotoka nje ya geti ni Hanna Nassif, Kinondoni. Mtaa huo ulio bondeni ulikuwa ukifurika kila masika. Katika miaka ya 1990 wakazi wenyewe, wakisaidiwa na wahisani, jiji na wataalamu wa chuo hicho, walichimba mitaro ya maji ya mvua na kujenga barabara za ndani. Walifanya hivyo kwa mikataba iliyosainiwa na jumuiya yao, na kwa malipo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikafuata Ubungo Darajani, ambako wataalamu wa chuo walikaa na wenye maeneo wakachora ramani ya mtaa pamoja. Ili njia zipatikane, majirani walikubali kupunguza viwanja vyao, wakachangia na fedha za upimaji. Leo kazi kama hiyo, urasimishaji wa makazi, ni jambo la kawaida serikalini. Wakati ule lilikuwa jaribio.

Huku nyuma sheria nayo ilikuwa inageuka. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume ya kuchunguza masuala ya ardhi, chini ya Profesa Issa Shivji. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Lohay Akonaay, iliamua kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 ikatamka kwamba ardhi ina thamani. Kwa mnunuzi wa kiwanja wa leo hilo linaonekana la kawaida. Lakini kwa miongo mingi sheria ilitambua thamani ya maendelezo tu, yaani nyumba na mazao, na kiwanja kitupu kilihesabiwa kama hakina bei, hata kama mtaani kiliuzwa kila siku kwa jina la kulipia msingi au miti.

Tarehe 1 Julai 1996 Chuo cha Ardhi kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji zikatungwa mwaka 1999 na kuanza kutumika Mei 2001. Kanuni zilizofuata zikampa mthamini hesabu ya kufuata: bei ya soko ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, posho ya makazi inayolingana na kodi ya miezi 36, na gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Fidia ikichelewa zaidi ya miezi 6, riba inaanza kuhesabiwa. Ndiyo maana kijana yule mwenye tepe anahesabu hadi banda la kuku.

Machi 2007 chuo kilipata hadhi kamili na kuitwa Chuo Kikuu Ardhi. Mwaka 2016 ikatungwa sheria maalumu ya uthamini, iliyoanzisha bodi ya kuwasajili wathamini. Benki inayotoa mkopo wa nyumba, halmashauri inayotwaa eneo, ndugu wanaogawana mirathi: wote sasa wanahitaji saini ya mtu aliyesajiliwa.

Hata hivyo kazi ya kuifikisha elimu hiyo kwa wananchi haijaisha. Biashara ya nyumba na viwanja mitaani bado inaendeshwa zaidi na dalali, ambaye darasa lake ni kibaraza na malipo yake ni kodi ya mwezi mmoja. Madalali wengi ni watu waaminifu wanaoijua mitaa kuliko ramani yoyote. Wanachokosa ni ujuzi wa kusoma mchoro wa mipango miji, kutambua hati halali na kueleza haki za mnunuzi. Chuo kinafundisha kwa Kiingereza, ilhali tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama na ya sheria zenyewe. Kozi fupi kwa Kiswahili, katika ofisi za kata, kwa madalali na wenyeviti wa mitaa, zingefuata njia ileile iliyoanzia Hanna Nassif na Ubungo Darajani. Wataalamu wapo, na uzoefu upo. Chuo na wizara wakae, wapange ratiba, waanze.

Wakati tunasubiri, msomaji unayetaka kununua kiwanja usiishie kwa dalali. Omba upekuzi kwenye ofisi ya msajili wa hati, tazama mchoro wa mipango miji halmashauri, na hakikisha jina la mthamini wako limo kwenye daftari la bodi kabla hujatoa shilingi yako ya kwanza.