Hofu ya Njia na Hesabu ya Nyumba

Holili ni mji wa mpakani wilayani Rombo, penye njia itokayo Moshi, ikapita Himo na kuingia Taveta katika nchi ya Kenya. Mahali kama hapo mgeni hakosekani, usiku wala mchana. Si ajabu mzazi amwonye binti yake ajihadhari na giza, na njia, na mtu asiyemjua. Hofu hiyo haifai kubezwa, maana wabakaji wa njiani wapo. Lakini hofu ni shahidi mmoja, na mwanahistoria hakati neno kwa shahidi mmoja.

Shahidi wa pili ni hesabu. Katika miaka ya 2002 na 2003 wanawake 1,444 wa Moshi, wenye umri wa miaka 20 hadi 44, waliulizwa habari za waume na wenzi wao. Asilimia 21 walijibu kwamba katika miezi 12 iliyotangulia walipigwa, au walitishwa kupigwa, au waliingiliwa kwa nguvu. Swali hilo halikugusa wageni, basi peke yake halitoshi kulinganisha njia na nyumba. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2010 uliuliza zaidi. Katika kila wanawake watano wa miaka 15 hadi 49, mmoja alikuwa amepata kutendwa ukatili wa ngono. Na watendaji waliotajwa kuliko wengine wote walikuwa waume na wenzi. Wahenga walikwisha kunena: kikulacho ki nguoni mwako.

Sheria nayo ilifuata hofu kuliko hesabu. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilimwekea mbakaji kifungo cha miaka 30 au maisha. Lakini mume aliyemlazimisha mkewe haikumwita mbakaji, ila wakiwa wametengana. Mkono wa sheria ulikuwa mzito barabarani, ukasita mlangoni.

Yafaa tukumbuke pia kwamba daftari la polisi huandika waliofika kituoni tu. Idadi ikipanda, watu huogopa kuwa uovu umezidi. Huenda midomo ndiyo iliyofunguka. Ikiwa ndogo, huenda ni aibu iliyonyamaza, wala si amani. Tumwonye binti juu ya njia, ni haki yake. Lakini tusipomwuliza habari za nyumbani, tutakuwa tumelinda mpaka na kumwacha mwenye kulindwa.