Jirani Yetu ni Nani? Chupa ya Paisley na Sheria ya Madhara

Mtu akimdhuru mwenzake bila kukusudia, ilhali hawajuani wala hawana mapatano yoyote, je, yampasa kumlipa? Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi swali hili lilivyojibiwa kwa ajili ya chupa moja tu ya kinywaji, kisha tutazame jibu hilo latuhusu nini sisi walimu wa lugha.

Tarehe 26 Agosti, 1928, Bi. May Donoghue aliingia pamoja na rafiki yake katika mkahawa wa Wellmeadow, mjini Paisley, Uskoti. Rafiki akamnunulia aiskrimu na soda ya tangawizi. Chupa ile ilikuwa ya kioo cheusi, isiyoonyesha kilichomo. Bi. Donoghue alikwisha kunywa kiasi. Kwa mujibu wa madai yake, masalio yalipomiminwa akatoka konokono aliyeoza. Akashikwa na maradhi ya tumbo na mshtuko.

Amshitaki nani? Mwenye mkahawa hakupatana naye, kwani aliyelipa ni rafiki. Tena chupa ilimfikia imekwisha kufungwa. Mtengenezaji, Bw. David Stevenson, naye hakumwuzia kitu. Siku zile mtengenezaji aghalabu hakuwajibika ila kwa yule aliyepatana naye. Wakili wa Bi. Donoghue, Walter Leechman, alikuwa ametoka kushindwa mwezi Machi, 1929, katika madai ya panya aliyesemekana kuwamo katika chupa ya soda. Hata hivyo hakufa moyo. Mwezi wa pili yake akafungua shauri hili, la paundi 500. Lilipofika Baraza la Malodi mjini London, mama huyu alilazimika kukiri kwamba mali yake yote haifiki paundi 5, ndipo aruhusiwe kuendelea kama fukara.

Tarehe 26 Mei, 1932, majaji watatu dhidi ya wawili waliamua kwamba sheria yaweza kumsikiliza. Lord Atkin alieleza kuwa amri ya kumpenda jirani, ikiingia katika sheria, hugeuka kuwa katazo la kumdhuru. Na jirani ni kila mtu ambaye matendo yetu yatamgusa kwa karibu, hata yatupasa kumfikiria kabla ya kutenda.

Tangu hapo madai ya uzembe husimama juu ya nguzo nne. Tuchukue mfano wa darasani. Mwalimu ana wajibu wa kuwaangalia wanafunzi wake: hiyo ni nguzo ya kwanza. Ameona msumari umechomoza katika dawati, akaupuuza: amevunja wajibu. Mtoto akachomwa na msumari ule ule, si kwa jambo jingine: sababu imethibitika. Jeraha likamgharimu matibabu: hasara ipo. Nguzo moja ikikosekana, madai huanguka.

Sheria ya Kiingereza ilipokelewa katika nchi zetu kwa tarehe maalumu: Kenya 12 Agosti, 1897, Uganda 11 Agosti, 1902, Tanganyika 22 Julai, 1920. Hukumu ya 1932 ilikuja baadaye. Kwa hiyo haikuzifunga mahakama zetu, bali ilizishawishi, nazo zikaifuata.

Neno letu jirani lina asili ya Kiarabu, na katika mazoea ya mitaani ni mtu wa nyumba ya pili. Wahenga walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Majaji wale walituonyesha upande wa pili: mkono wa mbali waweza kudhuru, na umbali si udhuru.

Bw. Stevenson alifariki mwaka ule ule wa 1932, na shauri likamalizwa kwa mapatano. Konokono yule hakupata kuthibitishwa mbele ya hakimu yeyote. Lakini msumari wa dawati tunauona kila asubuhi, nasi hatuna budi kuugongomea kabla kengele haijalia.